Pasi Juu ya Nota za Kijana

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tisa. Kwetu Kakamega mtu wa umri huo ndio kwanza anaanza kusikilizwa kwenye vikao, kwa hiyo nikisema nimestaafu watu hunitazama kama nina ugonjwa ninaouficha. Ugonjwa ninao, na siufichi: ni kifundo cha mkono wa kulia. Daktari wa Doha aliniuliza kazi yangu ilikuwa gani. Nikamwambia ni kufuta penseli. Alinitazama, kisha akaandika "kazi ya ofisi".

Achieng na Musa, ninyi mliobaki kwenye chumba cha nota cha okestra, mliniomba niwaandikie vile kazi ile inaendeshwa. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa, hayo mtayajua wenyewe na hayatawafurahisha. Nitawaeleza nilivyoingia, aliyenifundisha, na siku moja ambayo nusura initoe kabla sijaanza.

Niseme wazi kwanza kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilizaliwa hivyo. Nikifunga mlango ninarudi kuutikisa, na nikishautikisa ninajiuliza kama kwa kuutikisa sijaufungua. Kazi ya kutunza nota huwafaa watu wa namna hii, ila kwa kiasi. Kiasi chenyewe ndicho kilichonichukua muda kukijua.

Nilifika Doha miaka ya elfu mbili ikikaribia kwisha, nikiwa askari wa kampuni ya ulinzi. Tulilala Sanaiya, eneo la viwanda lenye kambi za wafanyakazi, vitanda vya ghorofa chumba kizima, na basi la kampuni lilitusambaza mjini asubuhi. Lindo langu la kwanza lilikuwa mlangoni mwa jengo refu la West Bay. Kazi ilikuwa kuwafungulia mlango watu ambao mlango huo ulijifungua wenyewe. Nilipiga sare pasi kila siku mpaka mikunjo ya suruali ikawa ya kukata mboga. Msimamizi alinisifu kwa hilo tu, na mimi nilishikilia sifa hiyo kwa sababu sikuwa na nyingine.

Baadaye walinihamisha kwenye geti la nyuma la ukumbi ambamo okestra ilifanya mazoezi. Ninyi mnalijua geti hilo. Mlango wa mizigo ukifunguliwa, muziki ulitoka nje pamoja na baridi ya kiyoyozi, na vyote viwili vilikuwa vya bure.

Kanisani kwetu kwaya iliimba kwa do-re-mi zilizoandikwa kwa herufi, hivyo sauti nilizijua. Nota za mistari mitano nilijifundisha mwenyewe kambini, kutoka kwa kitabu kisicho na jalada alichokiacha Mfilipino mmoja aliyerudi kwao. Sikuwa na mwalimu. Kila nilichojua nilikishuku, na nilikuwa na haki ya kukishuku, maana kitabu kile kilikosa pia kurasa za katikati.

Aliyenitoa getini ni Madam Salwa, mama wa Aleksandria aliyekuwa mtunza nota. Alikuwa mfupi, miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na hakuwahi kukumbuka ipi ni ya kusomea. Siku moja lori lilileta boksi, dereva akaliacha getini likiwa limepasuka upande. Karatasi ya zumari ilichungulia nje. Madam alipokuja kulichukua alinikuta nimeinama, naimba mistari yake ya kwanza kwa do-re-mi, kwa sauti ya chini.

"Wewe unasoma?" akaniuliza.

"Kidogo, Madam. Ninakosea sana."

"Wote wanakosea. Wengine wanalipwa kwa hilo. Yalla, beba boksi."

Nilibeba. Kesho yake akanitafutia boksi lingine. Mwishowe akaomba kampuni ya ulinzi iniazime kwake kwa msimu mmoja. Masharti yalikuwa rahisi: msimu ukiisha, meneja wa ukumbi atamuuliza kiongozi wa okestra, yule mshika fimbo, kama nafaa. Nikifaa, kampuni itaombwa karatasi ya kuniruhusu kuhama. Nisipofaa, narudi West Bay kwenye mlango unaojifungua wenyewe. Konseti ya mwisho ya msimu ndiyo ingeamua.

Sasa kuhusu kazi. Kila mpigaji ana karatasi zake, zenye sauti yake peke yake. Wapigaji wa fidla ni makundi mawili, fidla za kwanza na fidla za pili; hukaa wawiliwawili kwa stendi moja, nao hutumia folda moja. Aliyekaa upande wa wasikilizaji huendelea kupiga; aliyekaa ndani ndiye anayeacha kupiga kidogo na kugeuza ukurasa. Kiongozi wa fidla huamua upinde uvutwe chini wapi na usukumwe juu wapi, kisha mtunza nota hunakili alama hizo kwenye kila folda, kwa penseli laini. Msitumie penseli ngumu, inachimba. Wino ni marufuku, na mkimwona mtu na kalamu ya wino karibu na stendi, mchukulieni kama mtu mwenye kiberiti kituo cha petroli. Nota nyingi hukodishwa kutoka Ulaya, kwa hiyo konseti ikiisha mnafuta zote na kuzirudisha. Futeni kuelekea upande mmoja. Vumbi la raba pulizeni, msilipanguse kwa kiganja, kiganja kina mafuta.

Nilifanya hayo yote kwa bidii ya mtu anayesakwa. Alama zangu za upinde zilikuwa za urefu mmoja, nilizipima kwa rula. Lengo langu, nakiri, lilikuwa kwamba mpigaji yeyote asipate sababu ya kusema nami. Msimu ulikaribia kwisha na karibu nilikuwa nimefaulu. Wapigaji wengi walidhani mimi ni bubu.

Konseti ya mwisho ilikuwa ya kazi za mwanzo za mtunzi mmoja wa Ulaya, wa enzi zile za karne ya kumi na tisa ambapo watunzi walilia sana na kupanda milima. Uzeeni alikuwa mtu mkubwa. Lakini hizi alizitunga angali kijana: utangulizi mmoja wa okestra, na simfonia aliyoiacha katikati. Alipopata jina alizionea haya. Alizifungia kabatini, akawaambia watu wake wazitupe, na wao, kama kawaida ya ndugu, hawakufanya walichoambiwa. Siku ya kwanza ya mazoezi kiongozi wetu, mzee mkavu mwenye sauti ndogo, aliwaambia wapigaji, "Hapa alikuwa kijana tu. Msimpige kama mzee."

Otieno alikuwa pembeni ya jukwaa. Huyu wa Kisumu ndiye aliyepanga viti na stendi kabla ninyi hamjaja, na hakuna neno lililompita. Kuanzia siku hiyo boksi la nota hizo likaitwa la Kijana.

"Barasa, nota za Kijana ziko wapi?"

"Mezani."

"Kijana ashakula?"

Mimi sikucheka. Kijana huyo nilimwelewa kuliko nilivyomwelewa mtu yeyote pale Doha. Kama ningekuwa na kabati lenye kufuli, nami ningefungia humo karibu kila nilichowahi kufanya.

Nota zenyewe zilikuwa zimezunguka dunia. Zilikuwa na penseli za watu wengi: kuna aliyeandika kwa lugha nisiyoijua, kuna aliyechora jibini, kuna aliyeandika kwamba nje kunaanguka theluji. Kwenye fidla za pili, ukurasa wa tatu, palikuwa na miwani iliyochorwa. Wapigaji huchora miwani mahali wanapotakiwa wamtazame kiongozi. Nilivifuta vyote, kidogo kidogo, kila mazoezi yalipoisha. Kufuta ndiyo kazi.

Lakini kona hazikufutika. Kona za chini za kila ukurasa zilikuwa zimekunjwa, nyingine juu, nyingine chini, na wapigaji wetu walivyofanya mazoezi wakazidi kuzikunja, mpaka folda zikawa kama sukuma wiki iliyoshinda sokoni. Ziliniuma moyo. Siku moja kabla ya konseti, baada ya mazoezi ya asubuhi, Madam Salwa alienda Al Wakrah kumwona binti yake. Nikabaki na Kijana peke yangu.

Nilienda chumba cha mavazi, nikaazima pasi.

Sikuwa mjinga. Niliweka kitambaa cha pamba juu ya karatasi, nikajaribu moto kwenye gazeti kwanza. Kisha nikanyoosha kona baada ya kona: fidla za kwanza, za pili, viola, selo. Joto likapita, kona ikalala. Nilipomaliza nilizipanga mezani, nikarudi nyuma kidogo kuziangalia. Zilikuwa kama zimetoka kiwandani. Otieno alipita na ngazi begani, akasimama.

"Bro, hizi karatasi zinaenda harusi?"

"Ziko sawa?"

"Ziko smati. Hata mimi naogopa kuziguza."

Nilichukua hilo kuwa sifa. Nilipaswa kulichukua kuwa onyo.

Kesho yake asubuhi yalikuwa mazoezi ya mwisho. Utangulizi wa Kijana una mahali ambapo fidla za pili wanafikia mwisho wa ukurasa wa tatu wakiwa mbioni, wana nafasi ya pumzi moja kugeuza, kisha wanaendelea. Nilikuwa pembeni na Otieno. Pumzi ile ilifika. Waliokaa ndani wakapeleka mikono kwenye kona, na kona hazikuwepo. Vidole viliteleza. Karatasi zilikuwa kavu kutokana na pasi na kiyoyozi, zikashikana kama zimegandishwa kwa gundi. Wa stendi ya mbele alikuwa Viorel, Mromania mwenye mikono ya mkulima. Yeye alivuta kwa nguvu akageuza kurasa mbili pamoja, akaendelea kupiga kwa ujasiri mkubwa kitu kilichokuwa mbele sana. Waliokuwa nyuma yake humfuata yeye. Wakamfuata.

Kiongozi alishusha fimbo. Wakaacha kupiga.

Viorel aliinua ukurasa, akautazama upande huu na ule. Halafu akaunusa.

"Maestro," akasema, "wamepiga pasi."

"Wamepiga nini?"

"Pasi. Inanukia shati."

Okestra nzima ikanusa. Nimeona mambo mengi nyuma ya jukwaa, lakini sijaona tena wapigaji wote wa nyuzi wakinusa nota zao kwa pamoja. Kisha wakaanza kucheka, na kicheko kikaenea mpaka kwa watu wa tarumbeta ambao hawakuguswa na jambo lile hata kidogo. Kiongozi hakucheka. Alitazama pembeni, moja kwa moja kwangu, kana kwamba nilikuwa nimevaa pasi yenyewe shingoni.

"Mtunzi huyu," akasema kwa ile sauti ndogo, "naye alikuwa na tabia ya kunyoosha. Alinyoosha mpaka hakubaki na cha kupigwa. Tuendelee, kila mtu ageuze polepole."

Waligeuza polepole na muziki ukaenda polepole, ukawa kitu cha kusikitisha. Otieno akaninong'oneza, "Pole, mkubwa. West Bay si mbali. Tutakuja kukusalimia, utufungulie mlango."

Mazoezi yalipoisha nilikusanya folda nikarudi chumbani. Nilijua la kufanya. Nilitoa rula, nikaanza kukunja kona upya, zote za ukubwa mmoja, zote juu, pembe sawa. Nilikuwa nimefika fidla za pili Madam Salwa alipoingia. Alishusha miwani ya kichwani, ikawa siyo, akabadilisha.

"Unafanya nini?"

"Narudisha kona, Madam. Kabla ya jioni zitakuwa zimekwisha, na zitalingana."

Alininyang'anya rula, hakuwa mkali. Akaiweka kwenye droo.

"Habibi, kona ni ya mkono. Viorel anakunja kwa mkono wa Viorel. Wewe utamkunjia mkono?"

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Jioni watakuja mapema kubadili nguo. Nenda kwenye chumba chao, kwa kila anayegeuza ukurasa. Mpe folda, akunje mwenyewe."

"Wote?"

"Wote."

"Madam, si wewe unaweza kuwaambia? Au tuweke tangazo ukutani?"

"Mimi sikupiga pasi," akasema, akatoka kwenda kuchemsha chai.

Ningependelea kurudi getini. Nilikaa na folda zile mapajani nikahesabu faida za geti: hakuna anayekujua jina, hakuna anayekunusia kazi. Lakini saa ya kubadili nguo ilipofika, miguu yangu ilienda, sijui kwa nini. Nadhani niliogopa zaidi kwamba Madam angetoka na kuniona nimekaa.

Nilianza na Viorel ili nimalize ubaya wote kwanza. Alikuwa anafunga tai.

"Samahani, bwana. Tafadhali kunja kona zako."

"Ah! Unaongea?"

"Ndiyo."

"Msimu mzima nimedhani wewe..." Akajionyesha mdomo. Kisha akachukua folda, akakunja kona ya ukurasa wa tatu juu, halafu akaikunja tena juu yake yenyewe, ikawa kitu kinene kama pindo la suruali.

"Mara mbili?" nikauliza.

"Mara mbili."

"Kwa nini mara mbili?"

"Baba yangu alikunja mara mbili." Akafikiri kidogo. "Yeye alikuwa na vidole vibaya. Mimi vyangu ni vizima. Lakini sasa siwezi vingine."

Baada ya hapo ikawa rahisi, au niseme ikawa inawezekana. Mmoja wa viola alikunja chini, kwa sababu hugeuza kwa kidole gumba. Bwana wa selo hakukunja. Aliuchana ukurasa kidogo ukingoni, na mimi nikafumba macho. Kila mmoja alinionyesha namna yake kana kwamba ndiyo ya pekee duniani, na kila mmoja alikuwa na neno la pasi. Mmoja aliniletea shati.

Wa mwisho alikuwa dada wa stendi ya pili ya fidla za pili, aliyekaa nyuma ya Viorel. Alikunja kona yake, kisha akagonga ukurasa kwa ukucha.

"Hapa palikuwa na miwani. Ulifuta."

"Ilikuwa ya okestra nyingine."

"Ya nani haijalishi. Mimi niliizoea. Nichoree."

Nilitoa penseli. Sikuwa na rula. Nilichora duara, nikachora la pili, likawa kubwa kuliko la kwanza, nikaunganisha. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Hii si miwani," akasema. "Ni baiskeli."

Nilichukua raba. Akaufunika ukurasa kwa kiganja, kiganja chenye mafuta na kila kitu.

"Acha. Nitaiona, hilo ndilo muhimu."

Ukumbi ulijaa. Mimi na Otieno tulisimama pembeni mahali petu, Madam Salwa nyuma yetu na chai yake. Utangulizi ulipokaribia mwisho wa ukurasa wa tatu nilitazama sakafu. Fidla zilikuwa mbioni, pumzi ikaja, nami nikasikia kurasa: zote kwa pamoja, kama kuku wanaojikung'uta mavumbi. Kisha fidla za pili zikaingia, hakuna aliyebaki nyuma. Otieno alinipiga bega.

"Kijana amevuka barabara," akasema.

Simfonia iliishia pale mtunzi alipoiachia, katikati ya wazo. Watu hawakujua kama wapige makofi. Kiongozi alishusha mkono polepole ili wajue, wakapiga.

Meneja wa ukumbi alimsubiri kiongozi kwenye korido ya nyuma, karibu na pale tulipokuwa tunakusanya stendi. Nilimsikia akimuuliza kuhusu askari wa kuazimwa, kama anafaa au arudishwe. Kiongozi alikuwa anajifuta jasho.

"Yule wa pasi?"

"Huyo."

"Mbakisheni," akasema. "Pasi ndiyo irudisheni."

Basi nikabaki, mpaka mwaka huu. Hayo mengine mnayajua kwa kuyaona. Madam Salwa alirudi Aleksandria akaniachia droo yenye rula ndani. Kulikuwa na mara boksi la nota lilipokwama forodhani mpaka tukapiga kitu kingine, na mara ambapo tarumbeta waliletewa nota za wimbo mwingine wakazipiga vizuri tu. Siku hizi wapigaji kadhaa wanatumia skrini na kugeuza kwa mguu. Inafanya kazi. Viorel alijaribu, akasema mguu wake haukufundishwa na mtu. Wasiwasi wangu haukuisha, msije mkadhani hii ni hadithi ya aina hiyo. Bado natikisa milango. Ila kona sizigusi.

Achieng, jambo la mwisho unalijua lakini Musa hakuwepo. Wiki yangu ya mwisho kazini kazi za Kijana zilikodishwa tena, na seti iliyokuja ilikuwa ileile. Ulipofungua folda za fidla za pili mimi nilikuwa nafungasha penseli zangu. Nakumbuka kwamba konseti ile ilipoisha nilifuta folda zote ili zirudi Ulaya, na nilipofika kwenye ule ukurasa nilijiambia nitaurudia baadaye. Sikuurudia. Kona ya stendi ya mbele bado ilikuwa imekunjwa mara mbili. Na kwenye stendi ya pili, ukurasa wa tatu, ile baiskeli ilikuwepo. Mtu wa mji mwingine, sijui wapi, alikuwa ameichorea usukani. Mwingine, kwa penseli tofauti, alikuwa amempandisha mtu juu yake, mwenye kofia, akiendesha kuelekea kona.

Ulishika raba tayari.

"Bwana Barasa, hii nifute? Mtu amechora baiskeli."

"Hiyo ni miwani," nilikwambia. "Iache."